Miaka Thelathini na Moja ya Kurudisha Nakala Kwingine

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni, mtunza kumbukumbu wetu atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa wa karakana hii ya miguu na mikono bandia. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, bila barua hata moja ya onyo, na bila kuchelewa kazini isipokuwa siku mbili, ambazo zote huzieleza kwa kirefu mno akiulizwa. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina kamili, refu na la heshima. Humu ndani hakuna anayelitumia. Kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini tunamwita Bwana Kwingine, naye huitika.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, fundi mkuu wa chumba cha plasta, kazi ya kuandika wasifu huu. Nadhani sababu ni kwamba hakuna aliyegombana naye kwa miaka mingi kuliko mimi. Chumba changu kimepakana na chake, ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba, na vumbi la plasta halijui mipaka. Ameniandikia madokezo kuhusu vumbi hilo mara ishirini na sita. Nimeyatunza yote, na nikiyasoma leo naona alikuwa na haki katika ishirini hivi.

Hakuja hapa kutafuta kazi. Alikuja na magongo mawili, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, baada ya ajali ya lori iliyomwondolea mguu wa kushoto chini ya goti. Alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi akimtazama karani wa zamani akihangaika kuitafuta kadi yake ndani ya maboksi ya viatu. Wakati huo vipimo vyote vya wateja viliandikwa kwenye kadi, na kadi zilipangwa kwa namna ambayo karani peke yake aliielewa, tena siku akiamka vizuri. Ilipofika saa tano Bwana Kwingine alichoka kungoja. Akaomba ruhusa, akayateremsha maboksi sakafuni, akaanza kuzipanga kadi kwa namba. Jioni alikuwa ameipata ya kwake na nyingine kumi na tisa ambazo karani alishazikatia tamaa. Kesho yake akarudi kumalizia, na kesho kutwa pia. Meneja wa enzi hizo alimwajiri kabla hata mguu wake haujakamilika, kwa hiyo mwezi wake wa kwanza wa utumishi aliufanya kwa magongo.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilikaa miezi miwili ndani ya boksi lake ukumbini, kila mtu akiizunguka kama mgeni ambaye haijulikani amekuja kwa nani. Yeye ndiye aliyeifungua. Alijifunza kwa kitabu cha maelekezo, kamusi ikiwa pembeni, akaingiza kadi elfu mbili na mia tatu, moja baada ya nyingine, kwa vidole viwili. Mpaka leo anachapa kwa vidole viwili, na kwa kasi inayowaudhi waliosomea.

Mwaka wa tisa aliteleza. Naandika habari hii kwa idhini yake. Amesema tukiiacha, wasifu wote utakuwa porojo. Alitaka kuona jedwali moja lilivyokuwa mwezi uliotangulia. Akachukua nakala ya akiba ya mwezi huo, akaiambia kompyuta iirudishe. Kompyuta haikumuuliza iirudishe wapi, naye hakuiambia. Sasa, nakala ya akiba, kama alivyotueleza baadaye mpaka tukaota, hubeba ndani yake anwani ya mahali ilikotoka. Usipoielekeza pengine, itarudi kulekule nyumbani, na ikikuta kuna mtu humtoa nje pamoja na virago vyake. Ndivyo ilivyokuwa. Kanzidata ya mwezi uliopita, yaani taarifa zote za wateja, ilikaa juu ya ile ya siku hiyo, na vipimo vya siku kumi na moja vikafutika kabla hajamaliza chai.

Vipimo hivyo vilikuwa vya watu kumi na wanne. Mimi wakati huo nilikuwa fundi mpya, nikaagizwa nifuatane naye nyumba hadi nyumba kuwapima upya. Nilidhani tutasema mashine imeharibika, maneno mawili matatu, tupime tuondoke. Yeye alibisha kila mlango, na kabla hajakaribishwa kiti akajitambulisha: mimi ndiye niliyefuta vipimo vyako. Wengi walicheka. Mama mmoja alimsomea risala ya nusu saa, akamaliza, akatuandalia chakula. Askari mmoja mstaafu alimtaka asimame wima na arudie kosa lake kwa sauti ya kusikika, naye akasimama wima juu ya mguu tuliomtengenezea sisi wenyewe, akarudia. Ilituchukua wiki mbili. Nilijifunza kazi yangu zaidi katika wiki hizo kuliko katika mwaka mzima uliotangulia, na sijawahi kumwambia.

Tangu hapo alikula kiapo kwamba nakala yoyote anayoirudisha, iwe ya jana au ya mwaka juzi, hairudi mahali ilikotoka. Kwanza inapelekwa pengine, kwenye diski nyingine au mashine nyingine, na kwa jina jingine, ikaguliwe huko. Meneja akiuliza inarudi wapi, jibu lilikuwa neno moja tu, na neno hilo ndilo likawa jina lake.

Hakuishia kwenye kiapo. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, hitilafu iwepo isiwepo, alichukua nakala ya jana yake na kuirudisha kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa karibu na sinki la kuoshea vikombe. Kompyuta hiyo haikuwa na diski yenye jina kama ya seva, ile kompyuta kuu inayotunza kanzidata, kwa hiyo kila mara nakala iligoma, ikidai kupelekwa kwenye anwani yake ya zamani. Naye kila mara aliibembeleza. Aliandika maswali manne kwenye kadi, akaibandika juu ya skrini: Una nini ndani? Umezoea kukaa wapi? Mimi nakupeleka wapi? Huko pana nafasi ya kukutosha? Akishapata majibu, aliipa kila faili anwani mpya, akabonyeza, akavuta kiti, akangoja. Wageni waliopita hapo walidhani anaongea na sinki.

Ikishafunguka, hakuiamini mpaka ipitiwe na mtahini. Mtahini alikuwa yeyote aliyekuwa akipita: dereva, mhasibu, mama wa usafi. Ulitakiwa utaje namba ya mteja yeyote, yeye aitafute kwenye nakala iliyorudishwa, kisha mlinganishe na ile ya kwenye seva, namba kwa namba. Mama wa usafi alikuwa mtahini mkali kuliko wote, maana alikuwa na kumbukumbu ya ajabu na hakupenda kuchagua namba rahisi. Mimi nilikuwa mtahini mbaya. Nilitaja namba yangu ileile kila mwezi ili nirudi kazini haraka, na siku aliyogundua aliniandikia dokezo la ishirini na saba, ambalo sikulihesabu pale juu kwa sababu halihusu vumbi.

Mkewe, ambaye ni mshonaji na mcheshi kumzidi, anasema nyumbani hali ni hiyohiyo. Funguo ya akiba ikichongwa, mzee haiweki kabatini mpaka atoke nje, afungiwe mlango, afungue mwenyewe kwa funguo hiyo, na mvua isiwe kisingizio. Picha za harusi ya binti yao mkubwa ziko kwa mashemeji wawili na kwa dada yake, na kila mwaka huwatembelea wote watatu. Mashemeji wanaamini anawapenda sana. Mkewe anasema anawapenda, ndiyo, lakini akifika hupiga goti mbele ya kabati kuzikagua picha kabla ya kusalimia watoto.

Kwa upande wa mafanikio, nitaeleza kwa ufupi kwa sababu yeye mwenyewe hapendi sifa na kamati imenipa kurasa tatu tu. Ametuhamisha kutoka kompyuta moja kwenda nyingine mara tano bila mteja hata mmoja kupotelea njiani. Wateja sasa ni zaidi ya elfu kumi na moja. Kila mmoja ana vipimo vyake, picha zake na historia ya kila rekebisho, kiasi kwamba mtu akirudi baada ya miaka minane tunajua kigutu chake, ile sehemu ya kiungo iliyobaki, kilipungua upande gani. Ni yeye pia aliyeanzisha utaratibu wa kumpa kila mteja namba yake iliyochapwa kwenye kadi ngumu, ili asipate tabu aliyoipata yeye pale kwenye benchi.

Jambo lililonifanya nikubali kushika kalamu lilitokea Machi mwaka huu. Tarehe mosi alimkabidhi kazi Dada wa Mitambo, ambaye yuko nasi mwaka wa tano sasa na ndiye anayerithi chumba chake. Katika kikao cha asubuhi alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo mpaka anastaafu hatagusa kibodi ya seva. Atajibu akiulizwa, atakunywa chai, atanung'unika, lakini kibodi hataigusa. Tulicheka na kuwekeana dau la vikombe vya chai kwamba hatamaliza siku tatu.

Katika siku hizo nilikuwa na mteja mmoja, mkunga, ambaye kwa mwaka na nusu alikuwa hajapata raha na mguu wake. Kigutu chake kina kovu baya, na kila kikombe tulichomtengenezea, yaani ile sehemu ya mguu bandia inayoshika kigutu, kilimchubua. Kazini walimtoa kwenye wodi ya uzazi wakampa dawati la kujaza fomu, wakamwambia atarudi wodini siku atakayoweza kusimama zamu nzima. Nilimrekebishia kikombe cha majaribio mara arobaini na moja, nikikwangua hapa na kuongeza pale. Jumatatu moja alasiri alitembea ukumbi mzima, akageuka, akarudi, akaniambia hasikii chochote. Nilimwomba arudie. Alirudia, na bado hakusikia chochote.

Jioni hiyo nikajaza plasta ndani ya kikombe hicho ili kupata umbo lake. Jumanne asubuhi nikakikata kwa msumeno kulitoa umbo, nikalipima kwa mashine inayotuma vipimo moja kwa moja kwenye kanzidata, nikavitazama kwenye skrini, vipo, kisha nikachukua nyundo nikalivunja. Huo ndio utaratibu wetu. Tuliwahi kumtengenezea mtu mguu kwa kutumia umbo lake la mwaka juzi lililosahaulika rafuni, na tangu hapo umbo likishapimwa linavunjwa. Ilikuwa saa tatu kasorobo. Saa tatu na dakika ishirini seva ilianza kukwaruza kama kijiko kwenye sufuria, na skrini zote zikaganda.

Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu jioni. Vipimo vya mkunga havikuwamo. Kikombe nilishakikata, umbo nilishalivunja, na marekebisho arobaini na moja yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu, kwenye diski inayokwaruza. Mwenyewe alikuwa ameketi mapokezi na magongo yake, amekuja kuuliza mguu utakuwa tayari lini. Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata kazini.

Meneja alikuwa na watu arobaini kwenye foleni, na alichokitaka kilikuwa na maana. Seva bado ilikuwa inaitika kwa taabu, kwa hiyo irudishwe nakala ya jana palepale ilipokuwa, nusu saa, watu waendelee. Dada wa Mitambo alisimama mlangoni mwa chumba cha seva akamwambia hapana, nakala inarudi kwingine. Meneja alimkumbusha foleni. Akajibu, bila kupandisha sauti, kwamba foleni itangoja, lakini tukiirudisha jana juu ya diski hii, asubuhi ya leo ndiyo imekwisha. Meneja akageuka kumtazama Bwana Kwingine, na sote tukageuka. Bwana Kwingine alikuwa ameketi kwenye stuli na kikombe cha chai, anatazama ndani ya chai.

Nilimfuata nikainama sikioni pake. Nikamwambia, "Mzee, nakuomba. Umbo nimeshalivunja."

Akasema, "Najua, fundi. Lakini Julai mimi sipo. Mwache."

Nilimkasirikia, nakiri. Nilimwona ni mtu anayetaka kushinda dau la vikombe vya chai kwa mguu wa mwenzake. Halafu nikaona chai yake imepoa bila kuguswa, nikarudi mapokezi kukaa na mkunga.

Dada wa Mitambo aliizima seva ili isiendelee kujikwaruza. Akaichukua nakala ya Jumatatu akaipeleka kwenye kompyuta ya chumba cha kupimia mwendo, kwa sababu ile ya kwenye sinki ilishazeeka mno kubeba wateja elfu kumi na moja. Nakala iligoma kama kawaida yake, ikidai diski ambayo mashine ile haina. Akaipa kila faili anwani mpya. Ikagoma tena, safari hii kwa sababu nafasi haikutosha. Diski ilikuwa imejaa video za watu wakijifunza kutembea. Akamwita mtaalamu wa mazoezi, wakazihamisha video kwanza, wakazifungua mbili tatu huko zilikokwenda kuhakikisha zinacheza, ndipo akarudia. Saa sita kasorobo kanzidata ikafunguka, mama wa usafi akaitwa, akataja namba ngumu, ikapatikana. Foleni ikaanza kusogea.

Diski gonjwa hakuifanyia kazi kabisa. Aliinakili yote, mara moja tu, kwenda kwenye diski ya tatu, na akachimba humo. Ilimchukua mpaka Jumatano mchana. Taarifa zilizoingizwa asubuhi ile kabla ya hitilafu zilikuwa kumi na tisa, naye alizisoma kwa sauti moja baada ya nyingine mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Ya kumi na saba ilikuwa ya mkunga.

Sikuwa na cha kuilinganisha nacho. Namba zilionekana nzima, lakini namba hazichubuki. Anayechubuka ni mtu. Siku hiyohiyo nilimweleza mkunga ukweli wote, hata habari ya nyundo. Alisikiliza, akaniuliza ni lini aje kujaribu, akaondoka na magongo yake.

Alirudi baada ya siku nane. Alivaa mguu, akatembea ukumbi. Akateremka ngazi za nje, akapanda. Akaja chumbani kwangu, akakataa kiti, akasimama saa nzima na dakika kumi akitusimulia habari za akina mama wanaowatukana waume zao wakati wa uchungu na kujisahaulisha baadaye. Tulicheka mpaka mashine ya kuchonga ikasimamishwa. Alipomaliza alitazama chini akasema, "Ndio huu huu." Wiki ya pili yake alipiga simu mapokezi kutoka wodini. Alikuwa amesimama zamu nzima, na watoto watatu wamezaliwa mikononi mwake.

Karani alipotusomea ujumbe huo, Bwana Kwingine aliomba ausome tena. Kisha akatoa shada lake la funguo, akachomoa funguo ya chumba cha seva, akaiweka mezani kwa Dada wa Mitambo, miezi mitatu kabla ya tarehe aliyotakiwa kuikabidhi. Tangu siku hiyo, akitaka kuingia katika chumba alichokijenga yeye mwenyewe, husimama nje na kubisha hodi. Mimi huwasikia kupitia ukuta wetu. Dada wa Mitambo humwambia, "Karibu, Mzee," na yeye huingia kama mgeni, mikono nyuma, na akitoka huwa anatabasamu.

Mzee wetu, asante kwa miaka thelathini na moja, kwa milango kumi na minne uliyonifundisha kubisha, na kwa Jumanne ile uliyokaa kimya wakati sote tulitaka useme. Tunakuombea afya, mguu usiochubua, wajukuu wenye fujo kiasi, na mkeo akuvumilie sasa utakapokuwa naye kutwa nzima. Nenda salama ukaishi vizuri. Na siku ukitukumbuka, wewe njoo ubishe hodi tu, tumeshajua kujibu.